Tezi Dume Imekwisha Kutolewa: Je, Saratani Inaweza Kurudi?

Yako maswali ambayo wanaume wetu huyauliza wakiwa tayari mlangoni, mkono umeshika kitasa, baada ya kuzungumza na daktari kwa muda mrefu juu ya mafua na maumivu ya goti. Moja ya maswali hayo ni hili: "Mimi nilitolewa tezi dume kwa sababu ya saratani. Je, ugonjwa ule unaweza kurudi?"

Jibu fupi ni kwamba unaweza. Katika nchi zenye kumbukumbu nzuri za hospitali, kati ya wanaume 100 waliotolewa tezi dume yenye saratani, 20 hadi 40 huonekana katika kipimo cha damu, ndani ya miaka 10, kuwa ugonjwa umeanza tena. Jibu refu ndilo tunalopenda kulieleza mwezi huu. Ndani yake kimo kipimo kiitwacho MRI, ambacho wagonjwa wetu kutoka Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega huandikiwa wakifika Mwanza, nao hurudi nyumbani na bahasha kubwa wasijue imesema nini. Kipimo hiki kikisomwa vema huweza kuonya mapema, kabla ya upasuaji na baada yake. Lakini kikiwa peke yake hakina nguvu, na mambo mawili yanayokipa nguvu humtegemea mgonjwa mwenyewe na jamaa zake.

Operesheni mbili zenye jina moja

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo mitaani huitwa kwa jina moja la "operesheni ya tezi". Tezi dume iko chini ya kibofu, imeuzunguka mrija wa mkojo, na kwa kijana ina ukubwa wa ndimu ndogo. Mwanaume akielekea miaka 50 na kuendelea, sehemu yake ya ndani huanza kukua na kuubana mrija. Mkojo hutoka kwa shida na kukatika-katika, mzee huamka mara nne usiku, na siku moja mkojo hugoma kabisa, akawekewa mpira. Uvimbe huu si saratani. Daktari anapompasua mzee huyu huichokoa ile nyama ya ndani, kama mtu anayetoa nyama ya chungwa na kuliacha ganda. Ganda hubaki mwilini.

Sasa, saratani ya tezi dume mara nyingi huanzia sehemu ya nje, yaani ile inayobaki. Kati ya saratani 10, karibu 7 huanzia huko. Kwa hiyo mzee aliyefanyiwa operesheni ya namna hii miaka 10 iliyopita hajakingwa na saratani hata kidogo. Anaposema "mimi tezi sina tena, kipimo hicho ni cha wengine", anajidanganya bila kujua.

Aidha, nyama iliyotolewa yafaa ipelekwe kwenye maabara ya patholojia, kwa maana mara nyingine saratani hukutwa humo bila kutazamiwa. Majibu huchukua muda. Kufikia hapo mzee amekwisha kuondolewa mpira, amerudi Ngasamo au Mwandoya, na pamba imeanza kupasuka shambani. Karatasi inabaki kwenye faili. Watoto wa wazee hawa, iulizieni karatasi hiyo kwa jina lake: "majibu ya nyama ya baba". Ni haki yake kuyapata.

Operesheni ya pili ni nyingine kabisa. Hii hufanywa saratani inapokuwa bado imo ndani ya tezi, haijasambaa. Hutolewa tezi yote pamoja na ganda lake, na vile vifuko viwili vya shahawa vilivyo nyuma yake. Halafu kibofu hushonwa moja kwa moja kwenye mrija wa mkojo. Ni upasuaji mgumu, kwa kuwa mahali pale ni padogo, pana damu nyingi, na mishipa ya fahamu inayohusika na tendo la ndoa hupita ubavuni mwa tezi. Zamani karibu kila mwanaume aliyefanyiwa alipoteza nguvu za kiume. Mwaka 1982, daktari Patrick Walsh wa Hospitali ya Johns Hopkins, katika mji wa Baltimore nchini Marekani, alionyesha namna ya kuitoa tezi na kuiacha mishipa hiyo, na tangu hapo upasuaji huu ukakubalika zaidi duniani.

Watanzania wengi walilisikia jina la hospitali hiyo mwezi Novemba 2014. Huko ndiko Rais wa awamu ya nne, Jakaya Kikwete, alikofanyiwa upasuaji wa tezi dume. Aliporudi nyumbani aliwaeleza wananchi waziwazi kwamba ilikuwa saratani na kwamba iligunduliwa mapema. Juu ya afya yake hatuna la kuongeza zaidi ya alilolisema mwenyewe. Ila tunaona kwamba tamko lile lilifanya kazi ambayo mabango mengi hayajaifanya: wanaume waliokuwa wakiona aibu kulitaja gonjwa hili walianza kulitaja kwa jina la mkubwa.

Namba inayopaswa kushuka

Baada ya upasuaji huu wa pili, daktari hujuaje kama saratani imekwisha yote? Kuna chembechembe ya protini iitwayo PSA, ambayo hutengenezwa na tezi dume. Sehemu yake huingia katika damu, na hupimwa kwa nanogramu katika mililita moja ya damu. Nanogramu ni sehemu moja ya gramu iliyogawanywa mara bilioni, kwa hiyo tunazungumzia kitu kidogo mno. Kwa mwanaume mwenye tezi yake, PSA inaweza kupanda kwa sababu nyingi zisizo saratani: uvimbe wa kawaida, uambukizo katika mkojo, au mpira aliowekewa juzi. Ndiyo maana namba ikiwa juu hatusemi moja kwa moja kwamba ana saratani.

Kwa mwanaume aliyetolewa tezi yote mambo hubadilika. Kiwanda kimebomolewa. Katika wiki sita hivi PSA yapaswa kushuka hadi isionekane. Ikiwa baadaye itaonekana tena, na ikafika 0.2 au zaidi katika vipimo viwili vilivyofuatana, madaktari huhesabu kwamba ugonjwa umerudi, hata kama mgonjwa anajisikia mzima, analima, anaendesha baiskeli hadi Dutwa na kurudi. Maumivu bado hayapo. Uvimbe wa kushikika haupo. Namba peke yake ndiyo inayosema.

Hapa tuseme neno kwa sauti kubwa, maana tunaogopa kwamba linaweza kuwapoteza watu wetu. Katika vituo vingi vya afya na maabara za mitaani kuna kipimo cha PSA cha haraka, kile cha kijiti kinachotoa mistari miwili au mmoja. Kipimo hicho kwa kawaida kimetengenezwa kutofautisha walio juu ya 4 na walio chini ya 4. Kwa mwanaume ambaye hajawahi kupimwa kina faida yake. Kwa aliyetolewa tezi yote hakifai kabisa! PSA yake inaweza kuwa 0.5, ikawa 1, ikawa 3, na kila mara kijiti kitamwambia kwamba hana tatizo, wakati saratani inaendelea kukua. Mtu huyo anahitaji kipimo cha mashine kinachotoa namba, chenye uwezo wa kusoma chini ya 0.2. Uliza hospitali ya rufaa ya mkoa kama wanacho. Kama hakipo au vitendanishi vimekwisha, uliza sampuli inaweza kupelekwa wapi. Na kila inapowezekana pima katika maabara ileile, kwa maana mashine mbili tofauti huweza kutoa namba zinazotofautiana kidogo, nawe unayetafuta mabadiliko madogo utachanganyikiwa.

Namba ikipanda, msikimbilie kuchimba kaburi. Mwaka 1999 madaktari wa Johns Hopkins walichapisha habari za wanaume 1,997 waliopasuliwa hospitalini hapo. Kati yao 315 walikuja kupandisha PSA. Walipofuatiliwa 304 kati yao ambao hawakupewa tiba ya homoni mapema, ilichukua miaka 8 kwa wastani wa kati tangu namba ilipopanda hadi saratani kuonekana mifupani au kwingineko, na baada ya hapo miaka 5 hivi hadi kifo. Wengi wa wanaume hao walikuwa wamegunduliwa mapema, hivyo hatuwezi kuzichukua hesabu zile na kuzibandika juu ya kila mgonjwa wa Simiyu. Lakini zinaonyesha kwamba kati ya namba kupanda na hatari kuja kuna muda, na muda huo ndio wa kutibu. Namba inayojiongeza mara mbili ndani ya miezi michache ni ya kutisha zaidi kuliko inayojikokota kwa miaka miwili au mitatu. Ndiyo maana daktari hutaka kuona namba zako zote za nyuma pamoja na tarehe zake. Namba moja haimwambii mengi.

MRI inaona nini?

Sasa tuje kwenye mashine yenyewe. Watu wengi hudhani MRI ni eksirei kubwa. La hasha. Haitumii mionzi ya eksirei hata kidogo. Sehemu kubwa ya mwili wetu ni maji, na ndani ya maji mna haidrojeni, ambayo kiini chake hufanya kama kisumaku kidogo. Mgonjwa akiingizwa ndani ya sumaku kubwa, visumaku hivyo hujipanga. Mashine hutuma mawimbi ya redio yanayovisukuma, na vinaporudi mahali pake hutoa ishara, ambazo kompyuta huzigeuza kuwa picha. Paul Lauterbur wa Marekani na Peter Mansfield wa Uingereza walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2003 kwa kazi iliyowezesha jambo hili.

Kwa tezi dume, uzuri wa MRI ni kwamba huonyesha nyama laini kwa namna ambayo eksirei na hata picha ya CT haziwezi. Ganda la tezi huonekana kama uzi mweusi. Saratani huonekana kama doa jeusi mahali pang'aavu. Tena mashine inaweza kupima jinsi maji yanavyotembea ndani ya nyama. Fikirini mnada wa ng'ombe: asubuhi na mapema mtu hupita anakotaka, lakini saa sita watu wamebanana hata mtoto hapenyi. Saratani ni kama mnada wa saa sita, kwa kuwa chembe zake zimesongamana na maji hayapiti. Mahali hapo mashine hupaona.

MRI ikifanywa kabla ya upasuaji, daktari huangalia mambo kadhaa yanayotabiri kama ugonjwa utarudi. Doa ni kubwa kiasi gani? Linagusa ganda kwa urefu gani? Je, limelitoboa na kutoka nje? Limeingia katika vile vifuko vya shahawa? Kuna matezi ya limfu yaliyovimba nyongani? Msomaji wa picha hutoa alama kuanzia 1 hadi 5, ambapo 5 humaanisha uwezekano mkubwa sana wa saratani ya hatari. Mwanaume ambaye picha yake inaonyesha saratani imetoka nje ya ganda au imeingia kwenye vifuko yuko katika hatari kubwa zaidi ya ugonjwa kurudi, na pengine atashauriwa njia nyingine, au aambiwe tangu mwanzo kwamba baada ya kisu huenda akahitaji mionzi. Kujua hivyo kabla ya kuuza ng'ombe ni jambo kubwa.

Hata hivyo MRI si nabii. Uchambuzi mmoja uliochapishwa mwaka 2016, uliokusanya tafiti nyingi, ulionyesha kwamba kati ya wagonjwa 100 ambao saratani yao kweli ilikuwa imetoka nje ya ganda, MRI iliwatambua 57 tu. Kwa upande wa pili, kati ya 100 ambao haikutoka, iliwasoma sawasawa 91. Maana yake ni kwamba picha ikisema "imetoka", iaminini sana. Ikisema "haijatoka", endeleeni kuwa macho, kwa sababu mashine haioni chembe chache zilizopenya. Hizo huonekana kwa darubini.

Kwa sababu hiyo karatasi ya patholojia baada ya upasuaji ina uzito kuliko picha. Ndani yake yataandikwa mambo ambayo mgonjwa anapaswa kuyajua. Alama ya Gleason, iliyopewa jina la daktari wa Marekani aliyeibuni katika miaka ya 1960, huanzia 6 kwa saratani ya upole na kufika 10 kwa ile kali. Yataandikwa pia kama kingo za nyama iliyokatwa ni safi au zina saratani, kama ganda limetobolewa, na kama matezi yaliyotolewa yana ugonjwa. Daktari akiziweka pamoja karatasi hii, picha ya MRI na PSA ya kabla ya operesheni, anaweza kukadiria nani afuatiliwe kwa karibu.

Siku hizi watafiti huko Ulaya na Marekani wanaifundisha kompyuta kuisoma picha ya MRI ya kabla ya upasuaji na kutafuta alama ambazo jicho la daktari halizioni, ili itabiri ni nani ugonjwa utamrudia. Mwaka 2021 watafiti waliofanya kazi katika mji wa Cleveland, Marekani, pamoja na wenzao, walichapisha kazi ya namna hiyo iliyotia matumaini. Sisi tunaipokea kwa furaha na kwa tahadhari. Kompyuta hujifunza kutokana na wagonjwa ilioonyeshwa. Kabla haijamtabiria mzee wa Nkololo inapaswa kujaribiwa kwa picha za wazee kama yeye, zilizopigwa kwa mashine tulizo nazo.

Baada ya namba kupanda

MRI ina kazi ya pili, nayo ndiyo watu wengi hawaifahamu. PSA ikishapanda inasema kwamba ugonjwa upo, lakini haisemi uko wapi. Je, umebaki palepale ilipokuwa tezi, au umekwenda mbali? Hili ni swali la maana kuliko yote, kwa sababu ugonjwa uliobaki mahali pake unaweza bado kuponywa kwa mionzi, na uliosambaa huhitaji dawa za mwili mzima.

Hapo MRI hupigwa katika nafasi iliyoachwa wazi. Mara nyingi saratani iliyorudi hupatikana pale kibofu kiliposhonwa na mrija wa mkojo. Taabu ni kwamba pale pana kovu, na kovu nalo huonekana jeusi. Madaktari huvitenganisha kwa kuchoma dawa mshipani iitwayo gadoliniamu: saratani huinywa haraka na kung'aa, kovu huchelewa. Mwaka 2021 wataalamu wa nchi kadhaa walikubaliana juu ya namna moja ya kuzisoma picha hizi za baada ya tiba, nayo ina alama 1 hadi 5 kama ile ya kwanza. Ikiwa majibu yako yameandikwa alama ya namna hiyo, muulize daktari ni ipi kati ya hizo mbili. Tatu ya kabla na tatu ya baada hazisemi jambo moja.

PSA ikiwa ndogo sana, tuseme 0.2 au 0.3, mara nyingi MRI haioni kitu. Msifikiri kwamba pesa zimepotea au kwamba namba imekosea. Uvimbe bado ni mdogo kuliko uwezo wa picha. Iko picha nyingine yenye uwezo mkubwa zaidi katika hatua hiyo, iitwayo PET, ambayo Hospitali ya Aga Khan ya Nairobi inayo, lakini kwa wasomaji wetu walio wengi hiyo ni safari ya mbali na ya gharama. Na daktari haruhusiwi kukaa akisubiri mpaka picha ionyeshe kitu. Mionzi hufanya kazi vizuri zaidi inapoanza PSA ikiwa bado chini ya 0.5. Picha safi yenye namba inayopanda haimaanishi "nenda nyumbani". Inamaanisha daktari wa saratani akutane na mgonjwa mapema.

Zamani wengine walipewa mionzi wote mara tu baada ya upasuaji, ili kujihami. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa lililofanyika Uingereza, Kanada, Denmark na Ayalandi kwa wanaume 1,396. Nusu walipigwa mionzi mara moja, nusu walisubiri na kupigwa pale tu PSA ilipopanda. Waliosubiri hawakufanya vibaya kuliko wenzao, na walipata usumbufu mdogo wa mkojo. Ni habari njema. Lakini angalieni msingi wake: wale waliosubiri walikuwa wakipimwa PSA kwa ratiba, kwa mashine nzuri, mwaka baada ya mwaka. Kusubiri bila kupima ni jambo tofauti kabisa, na hakukujaribiwa katika jaribio lile. Mgonjwa wa kwetu anayeambiwa "tutasubiri tuone" lazima aulize: tutaona kwa kipimo gani, wapi, tarehe ngapi? Kwa kawaida ni kila baada ya miezi michache katika miaka ya mwanzo, halafu kila nusu mwaka, halafu kila mwaka. Daktari wako ndiye atakayepanga.

Wale ambao hawakuwahi operesheni

Tungekuwa tunawadanganya wasomaji kama tungeishia hapo. Wanaume wengi wa Kanda ya Ziwa wenye saratani hii hufika hospitali ikiwa imekwisha kusambaa, na upasuaji wa kutoa tezi yote hauwafai tena. Sababu ziko nyingi, na mojawapo ya hapa kwetu ni kichocho: mwanaume akiona damu katika mkojo husema "ni kichocho tu", kwa kuwa alikiona tangu utoto, akanywa dawa na kunyamaza. Wagonjwa hawa hutibiwa kwa kuzima homoni ya kiume, ama kwa sindano ama kwa kutolewa korodani, na wengi huishi miaka mingi kwa tiba hiyo. Askofu Mkuu Desmond Tutu wa Afrika Kusini, wa Kanisa la Anglikana, aligunduliwa kuwa na saratani ya tezi dume mwaka 1997, akatibiwa, ugonjwa ukarudi, akatibiwa tena, na alifariki Desemba 2021 akiwa na miaka 90.

Kwa kundi hili MRI ina kazi moja ya dharura. Saratani ya tezi dume hupenda mifupa ya uti wa mgongo. Mwanaume mwenye ugonjwa huu akianza kupata maumivu mapya ya mgongo yasiyompa usingizi, miguu ikaanza kuwa mizito au kufa ganzi, au akashindwa kuzuia haja, huenda uvimbe unabana uti wa mgongo. Hilo ni jambo la saa, si la wiki. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, mkasisitize kwamba ana saratani ya tezi dume. Akichelewa mpaka miguu ikafa kabisa, mara nyingi hairudi. Msimkande, msimpeleke kwa mkunga wa mifupa kwanza.

Safari ya Mwanza

Kwa mtu wa Bariadi, MRI kwa kawaida ni safari ya Mwanza, kupitia Lamadi na Magu, na wengi huelekezwa Bugando, ambako pia kuna kitengo cha saratani. Nendeni na barua ya rufaa, na kabla ya kuondoka ulizeni bima yenu inalipa nini, kwa sababu kipimo hiki ni ghali kuliko eksirei au ultrasaundi, na kujua hilo mkiwa dirishani Mwanza ni kuchelewa.

Sumaku ya mashine huvuta chuma kwa nguvu. Aliyewekewa kifaa cha kusaidia moyo, aliye na risasi au kipande cha chuma mwilini, na fundi wa kuchomelea ambaye aliwahi kuingiwa na cheche ya chuma jichoni, aseme kabla hajaingia chumbani. Pete, saa, mkanda, sarafu na simu hubaki nje. Medali na rozari ya chuma vilevile. Mwachie mkeo au mwanao aishike. Hirizi yenye bati ndani nayo itolewe, na afadhali isirudishwe. Mwenye ugonjwa wa figo aeleze, kwa sababu ya ile dawa ya mshipani.

Ndani ya mashine utalala bila kutikisika kwa nusu saa au zaidi, katika nafasi iliyobana, na mashine hugonga kwa kelele kama nyundo juu ya bati. Kelele hizo ni za kawaida, na utapewa vya kuziba masikio. Mwenye kuogopa mahali palipobana aseme mapema. Ikiwa ulikatwa kinyama cha kupima katika tezi hivi karibuni, taja tarehe, kwa kuwa damu iliyovia huweza kuonekana kama saratani, na mara nyingi husubiriwa wiki sita au zaidi.

Mkirudi, wekeni vitu vyote katika bahasha moja: majibu ya patholojia, maelezo ya upasuaji, picha za MRI pamoja na karatasi ya maelezo yake, na orodha ya namba za PSA na tarehe zake, hata zile zilizokuwa nzuri. Kama picha zimetolewa katika CD, isiwekwe dirishani panapopiga jua wala juu ya redio. Bahasha hiyo ikabidhiwe mtu mmoja wa nyumbani anayejua kusoma, na tarehe ya kipimo kijacho iandikwe juu yake kwa maandishi makubwa. Ikiangukia wakati wa kuvuna pamba, ombeni daktari aisogeze mbele kwa wiki mbili, kabla ya mavuno.